Nani atanunua picha ya mbwa? Penseli za rangi, kutoka Kisii hadi Nyamira

Ukiwaambia watu wa Kisii kwamba unachora, watakuuliza kama unaweza kuwachora wao. Ukiwaambia unachora mbwa, watakuuliza kama uko sawa kichwani. Hilo swali nimeulizwa stejini mjini, nimeulizwa Keroka, na shangazi yangu ameniuliza mbele ya wageni: "Sasa mwanangu, nani atanunua picha ya mbwa?"

Ni swali la haki. Huku kwetu mbwa ni mlinzi. Kwa Ekegusii anaitwa esese, jina lake ni Simba, Tommy ama Jack, anakula ugali uliobaki na analala nje mvua ikinyesha, na mvua ya Kisii unaijua. Hakuna mtu hutundika picha ya soja wa geti sebuleni. Sebuleni kuna kalenda, picha ya harusi, na picha ya mtoto aliyevaa joho siku ya kuhitimu.

Mimi hilo joho sikulivaa. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na wasee wengi wa rika langu wanaijua hiyo stori bila mimi kuimaliza. Nikarudi nyumbani na simu, daftari na pakiti ya penseli 12 za rangi. Leo wacha nikueleze hii kazi inavyoenda: jinsi ya kumchora mbwa kwa penseli za rangi hadi mwenyewe amtambue, inakula muda gani, inalipa kiasi gani, na jinsi mzee mmoja wa Nyansiongo alivyonifunza kwamba si mchezo.

Sanaa si mgeni Gusii

Kwanza tuwekane sawa. Hapa si mahali ambapo sanaa ililetwa juzi na TikTok. Kule Tabaka, Mugirango Kusini, watu wamechonga mawe ya sabuni vizazi na vizazi. Jiwe linachimbwa, linakatwa, mwanamume anachonga, kisha mara nyingi ni kina mama wanaolisugua kwa msasa na maji hadi ling'ae. Kutoka huko alitoka Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye ndege wake wa amani amesimama makao makuu ya UNESCO, Paris. Kwa hivyo mtu akikuambia sanaa haiwezi kumtoa mtu Kisii, mwonyeshe huyo ndege.

Lakini angalia wanyama wanaochongwa. Ndovu, kiboko, twiga, simba. Mbwa ni nadra. Sababu iko wazi: vinyago vingi vinatengenezewa mtalii, na mtalii anataka mnyama ambaye hana kwao. Mbwa anaye tayari, amemwacha kwa jirani.

Hapo ndipo picha za mbwa zinapotofautiana na vinyago. Twiga wa jiwe ni twiga yeyote. Picha ya mbwa ni ya mbwa mmoja tu, na mteja ni mmoja tu. Huwezi kuchora Simba 20 halafu upeleke soko la Daraja Mbili ukitumai mtu atapita. Mteja lazima awe anampenda huyo mbwa mwenyewe, ama alimpenda.

Ulaya hii biashara ni ya zamani sana. Mwaka wa 1502, Mjerumani Albrecht Dürer alichora sungura kwa rangi za maji, unywele kwa unywele, na hadi leo watu wanaochora manyoya hurudi kwake kusoma. Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa na Edwin Landseer, aliyechora mbwa hadi aina moja ya mbwa wakubwa weupe wenye mabaka meusi ikapewa jina lake. Ukifika Trafalgar Square, London, wale simba wa shaba pia ni kazi yake. Hakuna aliyemwambia kwamba mbwa si mada ya mtu mzima.

Kabla ya penseli, simu

Picha nzuri ya penseli huanza na picha nzuri ya simu. Wengi humpiga mbwa picha wakiwa wamesimama, kamera ikiangalia chini. Unapata kichwa kikubwa na miguu ya kuku. Piga magoti, simu iwe usawa wa macho yake. Piga asubuhi ama jioni, jua likiwa upande, ili manyoya yaonyeshe kivuli. Zima flashi: nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana usiku macho yake huwaka kijani kama ya jini.

Na usiingie boma la watu ukamwinamia mbwa usiyemjua. Mwite mwenyewe, amshike, na uulize kama amechanjwa. Shirika la Afya Duniani linasema karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kumaliza vifo hivyo kufikia 2030. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hakuna picha inayolipa kichaa cha mbwa.

Ukishapata picha, peleka saiba wakuprintie. Chora miraba juu yake kwa rula, sentimita mbili kwa mbili, halafu chora miraba kama hiyo kwenye karatasi yako, hafifu kabisa kwa penseli ya kawaida. Sasa unanakili mraba mmoja baada ya mwingine. Kuna watu husema gridi ni kudanganya. Fundi wa mawe hupima kabla ya kukata, na hakuna anayemwita mwongo.

Tabaka juu ya tabaka

Penseli ya rangi si kama rangi ya maji ama ya mafuta. Ndani yake kuna unga wa rangi ulioshikanishwa na nta ama mafuta, na unapopaka, rangi ya chini bado inaonekana kupitia ya juu. Maana yake ni hii: unaanza na rangi nyepesi, unaelekea nyeusi polepole, na weupe unaoutaka mwisho lazima uuache tangu mwanzo. Penseli nyeupe haiwezi kufunika kahawia iliyokolea. Kwa hivyo ile nukta ya mwanga jichoni, ile inayomfanya mbwa aonekane hai, ni karatasi tupu uliyoizunguka kwa adabu.

Mimi huanza na macho. Macho yakikataa, hakuna haja ya kupoteza siku tatu kwa masikio. Jicho la mbwa lina ukingo mweusi kama mtu amepaka wanja, ndani kuna kahawia ya chai ya rangi, na mboni si nyeusi tii; mara nyingi ina kivuli cha bluu cha anga inayoonekana ndani yake.

Kisha manyoya. Kosa ninaloliona sana kwa wanaoanza ni kuchora nywele moja moja mwili mzima, kama brashi ya kusugulia viatu. Manyoya huenda kwa vikundi, na kila sehemu ina mwelekeo wake: kwenye pua ni mafupi na yanaelekea nyuma, kwenye paji yanapanda, shavuni yanageuka, shingoni yanashuka kama maji. Kabla ya kupaka rangi yoyote, chora mishale midogo ya kukuonyesha njia. Halafu paka rangi ya msingi laini, tafuta vivuli kati ya vikundi, na nywele zenyewe zije mwisho.

Mbwa wetu wengi ni wale wa rangi ya udongo. Usichukue kahawia moja ukapaka kote. Weka rangi ya krimu kwanza, juu yake haradali, juu yake rangi ya tofali, halafu kahawia iliyokolea kwenye vivuli. Mbwa mweusi ni mtihani zaidi. Ukitumia nyeusi peke yake utapata shimo lenye masikio. Anza na bluu iliyokolea na kahawia, nyeusi ije juu, na pale jua linapogonga mgongo acha bluu ionekane. Mbwa mweupe naye hachorwi kwa nyeupe: ni kijivu, manjano hafifu na bluu kidogo kwenye vivuli, na karatasi inamaliza kazi.

Masharubu yanasumbua watu, na dawa yake ni ya bure. Chukua kalamu ya Bic iliyokwisha wino. Kabla ya kupaka rangi, kandamiza nayo mstari wa sharubu kwenye karatasi. Ukipaka penseli juu, rangi inaruka ule mfereji na sharubu linabaki jeupe.

Na pua? Pua ni vinundu vidogo kama ngozi ya parachichi, na juu yake kuna mng'ao wa unyevu. Bila huo mng'ao, pua haionekani hai kwenye karatasi.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Picha ya ukubwa wa A4, uso tu na shingo, inanila saa 20 hadi 25. Sehemu moja inaweza kuwa na tabaka nane za rangi.

Vifaa: anza na ulicho nacho

Usidanganywe kwamba lazima uagize kutoka ng'ambo ndipo uanze. Zile penseli za wanafunzi zina nta nyingi na rangi kidogo, zinavunjika ndani ukizichonga, lakini zinatosha kukufunza mwanga na kivuli. Kinachozuia watu wengi ni karatasi. Karatasi ya daftari ni laini sana. Tabaka tatu na inakataa. Unataka karatasi nzito yenye meno kidogo ya kushika rangi. Manila inafaa kwa mazoezi, ila baada ya muda hugeuka manjano, kwa hivyo usimuuzie mtu kazi iliyo juu ya manila.

Ukianza kulipwa, nunua penseli bora moja moja, kuanzia zile rangi unazomaliza haraka. Polychromos za Faber-Castell zina mafuta zaidi, ni ngumu kidogo, zinachongeka kuwa kali kama sindano na ziko rangi 120. Prismacolor Premier ni za nta, laini kama siagi, nzuri kwa kujaza eneo kubwa, ila baada ya siku kadhaa nta hupanda juu ya sehemu nyeusi na kuacha ukungu mweupe. Usishtuke, pangusa taratibu kwa kitambaa laini.

Mambo mawili ya huku kwetu. La kwanza ni unyevu: miezi ya mvua karatasi inajikunja na kulegea, kwa hivyo ifunike kwa nailoni na uilaze chini ya vitabu vizito. La pili ni jua. Rangi nyingine, hasa waridi na zambarau za bei rahisi, hufifia zikikaa kwa mwanga wa dirisha. Mwambie mteja aweke fremu yenye kioo, ukuta ambao jua haligongi.

Sikio la Simba

Sasa huyu mzee. Kazi ililetwa na binti yake anayeishi Minnesota, Marekani, ambako Wakisii ni wengi kweli. Mbwa wa babake alikuwa amekufa, mzee alikuwa amenyamaza kupita kawaida, na yeye alitaka picha ya kumpelekea. Alinitumia picha mbili. Moja ilikuwa na ukungu. Ya pili ilipigwa siku ya mahari ya dada yake, mbwa akiwa pembeni, nusu amefichwa na kiti cha plastiki. Aliongeza maagizo: "Sikio la kushoto limeraruka. Lirekebishe, linaonekana vibaya."

Picha mbili mbovu hazitoshi, kwa hivyo nilipanda matatu hadi Nyansiongo. Mzee alinipokea vizuri. Nilimwamkia, nikamwita omogaka kama inavyofaa, tukanywa chai. Nikamwomba anionyeshe mbwa yeyote wa ukoo wa Simba, na kweli kulikuwa na mtoto wake kwa jirani, kahawia vilevile, paji jeupe vilevile. Nikampiga picha nyingi. Manyoya na macho nikawa nimeyapata.

Kisha nikamuuliza kuhusu sikio. Mzee akaweka kikombe chini. Akaniambia wezi waliingia usiku kufuata ng'ombe, na Simba akawazuia zizini hadi majirani wakaamka. Mmoja alimkata kwa panga. Ng'ombe hakuna aliyetoka.

"Mwanangu," akasema, "ukimchorea sikio zima, huyo ni mbwa mwingine. Mpe mwenye huyo mbwa."

Nikarudi Kisii na hiyo shida. Mwenye pesa anataka sikio zima. Mwenye mbwa anataka sikio lililokatwa. Na mwenye penseli anadaiwa rent. Jioni nilimpigia binti kwa WhatsApp nikamweleza vile mzee alisema, neno kwa neno. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Hakuwahi kusikia kuhusu ile panga. Yeye alikuwa ameshasafiri, na mzee hakutaka kumtia wasiwasi. Mwishowe akasema: "Mchore vile alikuwa."

Lile sikio lilinila saa tatu. Ukingo wa kovu hauna nywele, ni ngozi ya waridi na kijivu, na manyoya ya jirani yanalala yakielekea mbali nalo. Nilipoipeleka, mzee aliishika picha mbali kidogo kwa sababu ya macho yake, akaangalia sikio kwanza, halafu macho, akasema "mbuya mono," akaingia nayo ndani. Hakutoka kwa muda. Mimi nikakaa nje na kuku.

Ndiyo maana uhalisia wa picha ya mbwa si ufundi wa kujionyesha. Mbwa wa rangi ya udongo ni maelfu kutoka Suneka hadi Kebirigo. Kinachomtoa mmoja kwenye hayo maelfu ni kovu, jicho moja lililo dogo kuliko jingine, mdomo ulioanza mvi. Ukivisafisha hivyo, umechora mbwa mrembo asiyejulikana na mtu.

Tuongee pesa

Hii kazi ya mzee nililipwa 4,500. Toa karatasi, fremu na kioo, nauli ya kwenda na kurudi mara mbili: karibu 1,300. Zinabaki 3,200. Gawa kwa saa 24 za kuchora, unapata kama shilingi 133 kwa saa, na hapo sijahesabu simu wala safari. Si utajiri. Lakini sasa naijua hiyo hesabu, na msanii asiyeijua atachora kwa 500 akidhani amepata faida.

Kwa hivyo, sheria chache. Chukua nusu ya pesa kwa M-Pesa kabla ya kushika penseli. Kubaliana ukubwa, tarehe na idadi ya marekebisho kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Mtu akikuambia atakulipa kwa kukupa jina mtandaoni, mwambie mwenye nyumba wako hapokei jina.

Na usichukue picha ya mbwa wa mtu mtandaoni, ukaichora, ukaiuza. Picha ina mwenyewe, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2001. Piga yako ama omba ruhusa. Kazi yako mwenyewe pia unaweza kuisajili na KECOBO.

Wazazi, sikilizeni kidogo

Sisi wa 8-4-4 tulisoma wakati sanaa ilikuwa imetolewa kwenye mtihani wa KCPE, na kisichotahiniwa hakifunzwi. Kipindi cha kuchora kiligeuka kipindi cha hesabu. Sasa mtaala mpya una njia tatu sekondari ya juu, na moja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwenye karatasi iko sawa na nyingine. Nyumbani bado inaonekana kama ya waliofeli.

Sitakudanganya kwamba penseli italipa karo ya watoto wako watatu. Mimi bado nafanya vibarua vingine mwezi ukikaza. Lakini mtoto aliyekaa saa 20 akiangalia uso wa mbwa mmoja amejifunza kuangalia, kupima, kuvumilia na kumaliza. Hizo ni stadi ambazo daktari, fundi na mpelelezi wanazihitaji. Kama anazipata kwa penseli ya shilingi 20, mwacheni.

Na shangazi, jibu lako hili hapa: anayenunua picha ya mbwa ni mtu aliyelindwa na huyo mbwa. Huku Gusii, hao ni wengi kuliko tunavyokubali.

Kama uko na mmoja nyumbani, usingoje afe ndipo utafute picha nzuri kwenye kona ya picha ya mahari. Leo jioni, jua likiwa upande, piga magoti, muite kwa jina, na umpige picha masikio yote mawili yakionekana vile yalivyo.